Miezi ya Kumsubiri Celie

Mwaka 1978 Alice Walker aliondoka New York akiwa amebeba riwaya ambayo wahusika wake hawakutaka kusema naye. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe katika insha fupi iliyomo kwenye kitabu chake cha mwaka 1983, In Search of Our Mothers' Gardens. Waliokuwa wakimjia kichwani walikuwa watu wa shamba, wa Georgia ya zamani, na mji ule haukuwaingia hata kidogo. Kila alipotega sikio waligeuza nyuso, wakiuliza majengo marefu yote haya ni ya nini. Basi akaachana na nyumba, akaweka samani zake mahali, binti yake akabaki na baba yake kwa mwaka ule, naye akapanda ndege kwenda San Francisco.

Huko nako hawakutulia. Waliusifu mji kwa uzuri wake, kisha wakapata habari za matetemeko ya ardhi, wakaona hapo si pao. Walker na mwenzi wake wa wakati huo, Robert Allen, wakaanza kuzunguka kaskazini mwa California wakitafuta mahali ambapo watu hawa wasioonekana wangekubali kukaa. Wakapapata karibu na Boonville, kijiji cha milimani huko Mendocino, penye kondoo, mashamba ya matofaa na kijumba cha kupanga, na mandhari iliyofanana na ile ya Eatonton, Georgia, alikozaliwa Walker mwaka 1944. Hapo ndipo walipoanza kumsogelea, wakikaa popote alipokaa, wakazungumza.

Waandishi wengi husema wahusika wao ndio wanaowaongoza, na kauli hiyo imesemwa mpaka imepauka. Walker aliichukua kwa uzito wake wote: akahama makazi kwa ajili ya watu ambao bado hawakuwa na ukurasa hata mmoja. Riwaya iliyotoka, The Color Purple, ilichapishwa mwaka 1982, na mwaka uliofuata ikampatia Tuzo ya Pulitzer, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata kwa kazi ya bunilizi. Lakini mimi, tangu niisome ile insha, nimevutiwa kuliko yote na miezi iliyotangulia, miezi ambayo mtu wa nje angeapa kwamba mwandishi yule hafanyi kazi.

Mbegu yenyewe ilikuwa ndogo. Siku moja Walker alikuwa akitembea msituni na dada yake Ruth, wakizungumzia mapenzi ya watu watatu waliowafahamu, mume, mke na hawara. Ruth akakumbuka kwamba siku moja mke alimwomba hawara ampe chupi. Walker anasema papo hapo alijua kipande alichokuwa akikikosa kimepatikana. Kwa nini kile? Hakuna fundi wa hadithi anayeweza kukueleza kikamilifu. Mke anayeomba vazi la ndani la mwanamke mwenziwe ameshavuka chuki, ameshavuka aibu, na kuna ukaribu kati yao ambao mume hana habari nao. Mtu mwingine angelisikia neno hilo, akacheka, na kulisahau kabla ya kufika nyumbani. Moyo wa Walker ulilikamata, naye akalibeba miezi mingi katika maradhi, kuhama hama, safari, na maumivu ya ndoa iliyokwisha. Hakuliandika haraka. Aliliacha liive.

Watu husema ilhamu hushuka. Ni kweli, na mimi naamini hivyo. Ila sijaona wengi wanaojali inashukia wapi. Walker aliandaa mahali pa kushukia, kwa subira na mpangilio, na nataka nikae kwanza kwenye maandalizi hayo, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi yake ninayoistahi zaidi.

Kwanza, fedha, maana mwenye kodi ya nyumba haiti mizimu bila kujua atakula nini. Alikuwa na ruzuku ya Guggenheim, na jarida la Ms., ambako alikuwa mhariri, likaendelea kumlipa dola 300 kwa mwezi akifanya kazi kwa mbali. Akanunua samani kuukuu za mtumba na vitambaa vizuri vya rangi ya buluu, nyekundu na zambarau. Akachukua pia mchoro wa kushonea blanketi la viraka ambao mama yake alimwapia kwamba ni mwepesi. Na mihadhara akaikata. Alikuwa ameshaahidi kwenda kuzungumza huku na kule, lakini wahusika walinung'unika kila alipofunga sanduku, naye akawasikiliza.

Pili, taamuli. Baada ya ndoa yake kuvunjika, Walker alijifunza kukaa kimya kila siku kwa muda maalumu, macho yamefumbwa, akirudia neno moja moyoni mpaka akili itulie. Miaka mingi baadaye, akizungumza mbele ya Mabudha Weusi wa Marekani, alisema wazi kwamba vitabu vyake kadhaa visingeandikika bila ibada hiyo. Kuhusu The Color Purple alitaja kitu ambacho sikukitarajia. Hakusema taamuli ilimletea maono. Alisema ilimpa utulivu uliozaa ucheshi na uchezaji wa kitabu kile. Mwenye kukumbuka riwaya yenyewe, na kisa chake cha msichana anayenajisiwa na yule anayemdhania baba, anayenyang'anywa watoto na kuozwa kwa mwanamume anayempiga, ataona uzito wa jambo hilo. Kitabu chenye mambo hayo kinachekesha. Msichana huyo, Celie, hutoa neno moja kavu juu ya Harpo anayejilisha kupita kiasi ili awe mnene wa kumpiga mkewe Sofia, na msomaji hucheka huku koo limekaba. Ucheshi wa namna hiyo hautoki kwenye akili iliyochafuka. Ghadhabu ingeandika hotuba. Mtu aliyekaa na maumivu yake kila asubuhi bila kuyakimbia ndiye anayeweza kuyatazama kwa jicho lenye nafasi ya kicheko.

Tatu, mikono. Hapa Walker ananikumbusha washona kofia wa Lamu na Unguja, wanaotoboa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya jingine, miezi kadhaa kwa kofia moja, na huku maneno yanapita barazani kwa sababu mkono una kazi yake na hauhitaji tena kuamriwa. Blanketi la viraka ni kazi ya namna hiyo. Unakata vipande vya nguo zilizochakaa, unavipanga kwa umbo, unaviunganisha, kisha unashona tabaka zote pamoja. Walker alishona, akatembea masafa marefu, akaogelea mtoni, akalala kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto akichezesha vidole majini, akachuma matofaa, akaingia misitu ya miti mirefu ya kule na, kama anavyosema bila haya, akazungumza na miti. Siku zilipita, wiki zikapita, na wakati mwingine miezi, bila neno jipya kuandikwa. Blanketi lilikua. Anaeleza kwamba katika kipindi hicho kilichoonekana kitupu, Celie na Shug na Albert, mke, hawara na mume wa riwaya, walikuwa wakizoeana.

Ustadi wa kweli nauona katika imani hiyo. Mwandishi anayeanza hudhani siku isiyo na ukurasa ni siku iliyopotea, akaingiwa na hofu, akalazimisha. Matokeo yake huwa mhusika asemaye maneno ya mwandishi. Walker alikuwa ameshaandika riwaya mbili, The Third Life of Grange Copeland mwaka 1970 na Meridian mwaka 1976, kwa hiyo kazi ya kukaa mezani aliijua vizuri. Safari hii aliona kwamba watu hawa hawaji kwa kuitwa kwa nguvu. Alijipa miaka mitano ya kuwaandika. Kitabu kilikamilika kwa muda usiofika mwaka mmoja.

Kuna kipande kimoja cha insha ile ninachokirudia mara kwa mara. Binti yake Rebecca alipokaribia kurudi kukaa naye, Walker aliingiwa na wasiwasi: mtoto wa shule ana fujo zake, na wageni wake je, watamvumilia? Wakampenda. Celie, anasema, alifikia hata kuchelewesha ziara zake hadi saa tisa na nusu mchana, saa ambayo Rebecca hurudi kutoka shule akitaka mama na kukumbatiwa. Mwanamke aliyenyang'anywa watoto wake anakuja kukaa pale mtoto anapokumbatiwa. Walker hakulifafanua, naye hakuhitaji. Mama yeyote anayeandika anajua saa hiyo ya mchana ndiyo kazi inayokatika, na yeye akaikuta imegeuka kuwa saa ya kupokea.

Usikivu huu alijifunza wapi? Kwa sehemu kwa mama yake, Minnie Lou, aliyefuma bustani ya maua mbele ya kila kibanda walichohamia, yeye na mumewe wakilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Kwa sehemu kwa jicho. Akiwa na umri wa miaka minane, kaka yake alimpiga kwa bahati mbaya na risasi ya bunduki ya kuchezea. Jicho la kulia likapofuka, naye akawa mtoto wa pembeni, msomaji na mtazamaji wa nyuso za watu. Lakini mwalimu wake mkubwa katika jambo hili alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kuonana naye, na habari za kukutana kwao ni za ajabu kiasi kwamba zinastahili nafasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Walker alitaka kuandika hadithi kutokana na kisa cha mama yake. Wakati wa dhiki kuu ya uchumi, mama huyo alikwenda kuchukua unga wa msaada, na mwanamke wa kizungu aliyekuwa akigawa akamnyima kwa sababu alimwona amevaa nguo nzuri, nguo alizoletewa na ndugu yake. Katika hadithi, mzee Hannah Kemhuff anakwenda kwa mganga ili alipiziwe fedheha ya namna hiyo. Walker alihitaji kujua uganga wa watu Weusi wa Kusini ulivyofanywa hasa, kwa maneno yake na vifaa vyake. Akapekua maandiko ya wataalamu wa kizungu, akakuta dharau tupu. Kisha, chini kabisa ya ukurasa, kwenye tanbihi, akakutana na jina la Zora Neale Hurston.

Hurston hakuusoma uganga ule kwa mbali. Mwaka 1928 alikwenda New Orleans akajitia mikononi mwa waganga wenyewe awe mwanafunzi wao. Katika kitabu chake cha mwaka 1935, Mules and Men, anasimulia alivyolala kifudifudi saa 69, uchi, juu ya ngozi ya nyoka, bila chakula, kimya, akingoja roho imkubali. Alipoinuka akachorwa umeme mgongoni, kutoka bega hadi nyonga. Ni mwanamke aliyesomea anthropolojia New York, chini ya Franz Boas, na bado alijua kwamba kuna maarifa yasiyotolewa kwa mwenye daftari mpaka alale chini kwanza.

Miaka minane baadaye, mwaka 1936, akiwa Haiti kuchunguza ibada za Vodou, Hurston aliandika riwaya yake kubwa kuliko zote, Their Eyes Were Watching God, kwa wiki saba. Mchana alikuwa kazini akikusanya habari za roho zinazompanda mtu na kumfanya farasi wao, kama huku pwani aliyepandwa na pepo anavyoitwa kiti. Riwaya yenyewe haina Vodou ya wazi. Ina Janie, mwanamke wa Florida anayetafuta mapenzi na sauti yake, na ndani yake mna penzi halisi la Hurston aliloliacha Marekani, penzi ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa limemjaa kama maji yaliyozuiwa. Wiki saba hizo hutajwa mara nyingi kama muujiza. Mimi naona nyuma yake miaka ya kukaa kwenye vibaraza vya Eatonville, mji wa watu Weusi alikokulia, na miaka ya kuzunguka kambi za wakata mbao akikusanya ngano, na zile saa 69. Maji yalikuwa mengi. Haiti ilifungua tu mlango. Na ruzuku iliyompeleka huko ilikuwa ileile ya Guggenheim iliyokuja kumlinda Walker miaka arobaini baadaye.

Hurston alikufa maskini mwaka 1960 huko Fort Pierce, Florida, vitabu vyake vikiwa havipatikani madukani, kaburi lake bila alama. Agosti 1973 Walker akaenda kulitafuta. Alijitambulisha kama mpwa wa marehemu ili watu wamfungulie milango. Kwenye makaburi hakukuta njia. Majani yalimfika kiunoni, na aliogopa nyoka. Ramani aliyokuwa nayo ilikuwa mduara tu wenye alama. Alizunguka, hakuona kitu. Mwishowe akasimama katikati ya majani akaanza kumwita Zora kwa jina, kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita ndugu aliyechelewa kufungua mlango. Hatua chache baadaye mguu wake ukazama shimoni. Lilikuwa bonde dogo lenye umbo la kaburi, na pale akaamuru jiwe liwekwe. Alitamani jiwe jeusi la fahari, bei ikamshinda, akachagua la kijivu.

Kuna watakaosema ni bahati. Sina ugomvi nao. Nataka tu watazame mfululizo wa mambo: aliuliza watu, alitafuta kwa mwenye shughuli za maziko, alipata ramani, aliingia majanini licha ya hofu, na alipomaliza kila alichoweza kwa akili ndipo akaita. Hisi ya moyo kwa Walker huja mwishoni mwa bidii. Ndiyo maana naiamini. Na alipoeleza ule uandishi wa hadithi ya Hannah Kemhuff, alisema alijisikia yuko pamoja na watu wengi mno, mizimu ya kale, wote wakifurahi kuona amewaendea na kuwatambua. Hisia hiyo, anasema, haimjii mwandishi kila siku.

Msomaji wa Kiswahili hatalishangaa hilo. Mshairi wetu wa tendi hakuanza kisa kabla ya kumtaja Mungu na kuweka sawa vifaa vyake. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alianza utendi wake kwa kumwita binti yake asogee na karatasi na wino. Ndiyo udhu wa uandishi, tunaweza kusema: mkono, moyo na karatasi vinatoharishwa pamoja kabla ya neno la kwanza. Na watu wetu hata leo huswali istikhara kabla ya safari au ndoa, kisha hulala na kungoja moyo uelemee wapi. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo hivyo kabla ya sura mpya, haoni kwamba ameacha akili. Amekubali tu kwamba uamuzi mwingine haupatikani kwa kufikiri pekee.

Lakini kuna hatari, na heshima yangu kwa Walker inanilazimu niitaje. Mtu anaweza kusikia habari za mizimu na miti, akadhani sauti ya Celie iliteremka ikiwa tayari, Walker akiwa karani tu. Fungua riwaya uone. Celie ameambiwa asimwambie mtu yaliyompata isipokuwa Mungu, na kwa hiyo anaandika barua kwa Mungu. Uamuzi huo wa umbo ndio unaobeba kitabu chote. Barua zinaruhusu sentensi fupi za msichana aliyetolewa shule, zinaruhusu mambo ya kutisha yasemwe bila kilio, na zinatuweka sisi wasomaji kwenye kiti cha aliyeandikiwa: tunajua, na hatuwezi kumjibu. Baadaye Celie anapomkasirikia Mungu, anaacha kumwandikia, anamgeukia mdogo wake Nettie. Na barua ya mwisho kabisa anaielekeza tena kwa Mungu, ila safari hii pamoja na nyota, miti, mbingu, watu na vitu vyote. Anwani za barua peke yake zinasimulia safari nzima ya imani ya mwanamke huyu, wala mwandishi hajatia neno la maelezo. Kazi hiyo ilihitaji fundi aliye macho kabisa.

Na yale aliyoyafanya kwenye miezi mitupu yameingia kitabuni kwa milango yake. Celie na Sofia wanapopatana baada ya Celie kumshauri Harpo ampige mkewe, upatanisho wao unapitia kwenye sindano: wanakaa kushona blanketi la viraka kutokana na mapazia yaliyochanika, na Shug anatoa gauni lake la njano likatwe vipande. Mchoro wanaoushona una jina, Sister's Choice, chaguo la dada. Mwandishi aliyeukalia mchoro kama huo miezi kadhaa anajua mshono hauvumilii hasira. Lazima ukae karibu na mwenzako, umpe kitambaa, upokee kitambaa. Vivyo hivyo Shug anapomweleza Celie alivyomwacha yule Mungu mzee wa kizungu mwenye ndevu, anasema hatua yake ya kwanza ilikuwa miti, kisha hewa, kisha ndege, kisha watu wengine, mpaka siku moja akajiona ni sehemu ya kila kitu. Mpangilio huo hauwezi kubuniwa kirahisi na mtu aliyekaa gorofa ya tano. Ni mpangilio wa mtu aliyelala majanini, akasogezewa mambo kwa zamu zake.

Sauti yenyewe nayo ina asili. Walker amesema alimchota Celie kwa Rachel, mke wa pili wa babu yake, mwanamke aliyeteswa na kunyamaza, na lugha ya Celie ni lugha ya wazee wale waliomlea. Alikulia ndani yake kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana kwenye barua za Celie hakuna neno linalojikwaa.

Linganisha na barua za Nettie. Nettie anakwenda Afrika na wamisionari, anapitia Senegal na Liberia, anaishi na Waolinka, kabila la kubuni ambalo ardhi yake inachukuliwa na kampuni ya mpira. Mambo anayoyaeleza ni ya kweli katika historia ya bara letu: barabara inayokatiza kijiji, watu wanaodaiwa kodi kwa ardhi yao wenyewe. Hata hivyo nikiisoma sehemu hiyo naona mwandishi akieleza, ilhali kwa Celie naona Celie. Waolinka hawana mtu mmoja anayechekesha kama Sofia, wala bibi mwenye neno lake la pekee. Wanakijiji wanasimama kama watu waliopangwa kwa picha. Wahakiki wengi wameisema kasoro hiyo, na msomaji wa Afrika huihisi kabla ya kuelezwa. Mimi siichukulii kama aibu kwa kitabu. Inanionyesha kitu kuhusu usikivu ule: miti ya Boonville ilimrudishia Walker kwa ukarimu wote yale ambayo Georgia ilikuwa imeshamtia masikioni, na ilipofika zamu ya watu ambao hakulala vibarazani mwao, hakuna mzimu aliyemnong'oneza. Ilibidi akili ifanye kazi peke yake, nayo ikafanya kwa bidii, na tofauti inasikika.

Hurston angelielewa hilo vizuri, yeye aliyerudi Eatonville kukusanya ngano ambazo alikuwa akizisikia tangu utotoni. Alijua pia kwamba kuzisikia tu hakutoshi, kwamba ilimbidi aondoke kwanza, asome, kisha arudi na sikio jingine. Nadhani Walker alifanya safari hiyo hiyo kwa namna yake: Eatonton, kisha vyuo, harakati za haki za raia Mississippi, New York, halafu kilima kinachofanana na nyumbani lakini si nyumbani, mbali kiasi cha kuweza kusikia. Anasema siku alipoandika ukurasa wa mwisho alilia, kwa kuwa watu aliowapenda mno walikuwa wakiondoka.

Hakuwaacha waende hivi hivi. Kitabu kinafunguka kwa kutabarukiwa Roho, na mwishoni, baada ya barua ya mwisho, ameweka shukrani fupi kwa wote waliomo ndani yake kwa kuja kwao. Chini ametia herufi za jina lake na kazi mbili, uandishi na ile ya kuwa chombo cha roho. Nimemsikia mtu akiisifu shukrani hiyo kwa unyenyekevu wake, kana kwamba Walker amejiondoa. Mimi naisoma kwa mpangilio alioupanga yeye: mwandishi ndiye aliyetajwa kwanza.